Akisinzia Mlinzi, Kosa ni la Nani?

 

Mas'ala haya yalitujia kwa milango miwili katika wiki moja. Mlango mmoja ulikuwa ni darsa yetu ya baada ya Isha. Tulikuwa tukisoma khabari ya Bilali na usingizi wa alfajiri, nayo nitaieleza mbele inshallah, na mazungumzo yakatoka humo yakafika mpaka Uyombo katika kaunti ya Kilifi, mahala palipokuwa pametajwa na wakuu wa serikali kuwa pafaa kujengwa mtambo wa kwanza wa umeme wa nyuklia katika Kenya, na wenyeji wake wakaandamana kuukataa mwaka 2024. Wengine katika darsa walisema juu ya samaki na riziki ya wavuvi, wengine juu ya taka zenye sumu, na wengine juu ya haja ya umeme. Kijana mmoja akauliza: "Maalim, na huyo mtu atakayekaa usiku kucha akiutazama mtambo, akishikwa na usingizi itakuwaje?" Watu wakacheka.

Mimi sikucheka, kwani mlango wa pili ulikuwa umekwisha kunifungukia siku tatu kabla yake. Kamati ya msikiti wetu ilikuwa imemkuta mlinzi wa usiku amelala na pampu ya maji imeibiwa, na shauri lililoletwa mbele yetu lilikuwa ni kwamba afukuzwe, na mshahara wa mwezi huo asipewe. Nami ni mmoja katika wanakamati hao.

Basi nikaona kuwa swali la yule kijana si la kuchekwa. Watu wenye mitambo hiyo wamekwisha kujiuliza wao wenyewe kwa zaidi ya miaka arubaini, na waliliuliza baada ya kupata khasara kubwa. Twafanya vibaya sisi tunaposema habari za mtambo tukahesabu chuma na saruji na fedha, tukamsahau mwanadamu aliye kitini.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ni kazi ya pilikapilika. Sivyo. Katika kinu cha nyuklia hutoka joto, joto huchemsha maji, maji huwa mvuke, na mvuke huzungusha mashine ya kutoa umeme. Mambo hayo yote hujiendesha yenyewe usiku na mchana. Waendeshaji hukaa katika chumba kilichojaa saa za vipimo na taa na vifungo, zamu ya saa 8 au saa 12, na kazi yao kubwa ni kutazama. Mishale ya vipimo husimama leo pale pale iliposimama jana. Yatakiwa mtu aangalie kitu kisichobadilika, na moyo wake uwe tayari kwa saa kitakapobadilika, na saa hiyo huenda isije katika muda wa miaka kumi.

Je, mwanadamu aweza kazi hiyo? Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Cambridge katika Uingereza, jina lake Norman Mackworth, alitoa majibu ya uchunguzi alioufanya kwa ajili ya askari wa anga wa nchi yake, ambao wakati wa vita walikuwa wakikaa mbele ya rada wakitafuta manowari za adui, na ilionekana kuwa manowari nyengine zawapita machoni wasizione. Aliwaweka watu mbele ya uso mweupe kama wa saa, wenye mkono mmoja unaoruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, bila ya kutazamiwa, mkono uliruka hatua mbili. Kazi yao ilikuwa ni kuiona hatua hiyo ya mbili na kubonyeza kifungo, muda wa saa 2. Walikuwa ni watu wenye afya, macho yao mazima, na wameambiwa wazi wanachokitafuta. Ikadhihirika kuwa baada ya nusu saa tu ya mwanzo uangalifu wao ulikuwa umekwisha kupungua, na ishara zilizowapita zimezidi. Hawakulala. Macho yalikuwa wazi, lakini moyo ulikuwa umetoka.

Hilo ndilo jambo ambalo maulamaa wetu waliita ghafla, na sisi sote twalijua katika Sala. Mtu husimama katika tarawehe akasoma na kurukuu na kusujudu, na akifika katika rakaa ya sita hajui kama ni ya sita au ya nne. Hakulala, wala hakukusudia. Basi ikiwa mbele ya Mola wake, katika kazi aipendayo, mtu hupotewa na moyo kwa dakika chache, itakuwaje mbele ya mshale wa chuma saa tisa za usiku?

Jambo la pili walilolitambua wataalamu ni la ajabu zaidi. Wengi wetu hudhani kuwa aliyekaa kitini bila ya kufanya kitu amepumzika. Wao wamepima mzigo wa akili kwa njia nyingi, na moja mashuhuri ni ile iliyotolewa mwaka 1988 na Sandra Hart na Lowell Staveland, waliofanya kazi katika shirika la Marekani la mambo ya anga, ambayo humwuliza mfanya kazi mambo sita: akili yake imetumika kiasi gani, mwili wake, haraka aliyotiwa, kufaulu kwake, juhudi yake, na udhiko la moyo wake. Ikaonekana kuwa wenye kazi ya kukesha na kungoja hutoka wamechoka uchovu wa kweli. Kuushika moyo usitoke ni kazi nzito. Wazee wetu wa vyomboni waliyajua haya bila ya vipimo: katika tufani hakuna mshika sukani anayesinzia, husinzia usiku wa mwezi, upepo wa kusi ukiwa mwema na chombo chaenda chenyewe.

Na mwendesha mtambo ana mizigo miwili isiyofanana. Kwa miezi na miaka mzigo wake ni huo wa utupu. Kisha katika dakika moja humshukia mzigo mwengine ambao hauchukuliki. Mwaka 1983 mwanamke mmoja mtaalamu, Lisanne Bainbridge, aliandika kuwa kila mashine inapotengenezwa ili imwondolee mtu kazi, humwondolea zile zilizo nyepesi, ikamwachia mbili zilizo ngumu mno: kutazama mashine isipoharibika, na kuipokea siku itakaposhindwa, naye mkono wake umekwisha kusahau kazi kwa kukaa muda mrefu bila ya kuifanya. Sijui maneno yaliyo kweli zaidi ya haya juu ya kazi za zama zetu.

Tutazame sasa tukio lenyewe, kwani mfano mmoja uliofahamiwa sawasawa ni bora kuliko mia zilizotajwa juu juu.

Katika mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Three Mile Island, na juu yake palijengwa mtambo wa nyuklia wenye vinu viwili. Tarehe 28 Machi 1979, yapata saa 10 alfajiri, pampu za kupeleka maji kwenye mitungi ya mvuke ya kinu cha pili zilisimama. Kinu kikajizima chenyewe katika sekunde chache, kama ilivyopangwa. Walakin moto wa nyuklia si kama wa kuni. Ukisha kuzimwa hubaki joto lake, na joto hilo lataka maji ya kulipoza kwa saa nyingi na siku nyingi. Vali moja ilifunguka kupunguza shinikizo, na hilo pia lilipangwa. Kisha ilipasa ijifunge, ikakwama. Maji yanayopoza kinu yakawa yatoka nje kupitia hapo, na hakuna aliyejua.

Kwa nini hawakujua? Hapa nawaomba wasomaji watulie kidogo. Katika ubao wa vipimo palikuwa na taa moja ya vali hiyo. Taa ilizimika. Waendeshaji wakafahamu kuwa vali imefunga. Walakin taa ile haikufungwa na vali, ilifungwa na amri. Maana yake ilikuwa ni kuwa vali imeamriwa ifunge, wala si kuwa imefunga. Watu wale waliangalia, na walichokiona walikiona sawasawa. Taa ndiyo iliyowadanganya. Na aliyeitengeneza taa hiyo hakuwamo chumbani usiku ule. (Nikiyasoma haya nilikumbuka vikao vyetu, jinsi katibu anavyoandika kuwa jambo fulani "limekwisha amriwa", nasi tukaondoka na nyoyo baridi kana kwamba limekwisha tendeka.)

Wakati huo huo kengele zilianza kulia na taa kuwaka, zaidi ya mia moja katika dakika za mwanzo, kubwa na ndogo zikipiga kelele sawasawa, hapana inayosema: mimi ndiye wa kusikilizwa. Mashine iliyokuwa ikichapa orodha ya hadhari hizo ililemewa, ikawa nyuma ya wakati kwa zaidi ya saa 2, kwa hivyo karatasi ilikuwa ikieleza mambo yaliyokwisha kupita. Mmoja wa waendeshaji alisema baadaye kuwa alitamani aung'oe ubao ule wa kengele autupe. Vali nyengine mbili, za maji ya akiba, zilikuwa zimeachwa zimefungwa kabla ya siku hiyo, na taa ya moja katika hizo ilifunikwa na kibandiko cha karatasi cha mafundi; ilichukua dakika 8 hata ikajulikana. Na juu ya yote hayo, waendeshaji walikuwa wamefundishwa waogope sana mtungi wa shinikizo usijae maji, na kipimo chake kilikuwa chapanda. Basi wakapunguza maji yaliyokuwa yakiingia kukiokoa kinu. Walifanya walilofundishwa.

Ilipita saa 2 na dakika 20 hivi, ndipo mtu aliyekuja na macho mapya akashauri ifungwe vali nyengine iliyo mbele ya ile iliyokwama. Maji yakaacha kutoka. Lakini kwa jumla ya mambo ya asubuhi ile yapata nusu ya moyo wa kinu iliyeyuka. Kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu, kisha kwa uimara wa jengo lililokifunika kinu, sumu iliyotoka nje ilikuwa chache.

Rais Carter aliunda tume, mkuu wake John Kemeny, aliyekuwa mkuu wa chuo cha Dartmouth, na ripoti yake ikatoka Oktoba 1979. Tume haikusema kuwa waendeshaji hawakukosa. Ilisema walikosa, kisha ikauliza: walikoseshwa na nini? Ikataja mafunzo mapungufu, maelekezo yenye kutatiza, chumba kilichopangwa vibaya, na jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Septemba 1977, mwaka mmoja na nusu kabla yake, katika mtambo wa Davis-Besse, jimbo la Ohio, vali ya namna ile ile ilikwama vile vile na waendeshaji wakatatizika vile vile. Wakubwa walijua. Wako walioandika kutahadharisha. Khabari haikuwafikia wale wa Three Mile Island.

Sitasema mengi juu ya Chernobyl, kwani yajulikana. Nataka jambo moja tu. Jaribio lililosababisha msiba ule lilikuwa lifanywe mchana wa tarehe 25 Aprili 1986. Wasimamizi wa umeme katika Kiev wakataka licheleweshwe, likachelewa saa 9 na zaidi, likaangukia mikononi mwa zamu ya usiku ambayo haikutayarishwa kwalo. Saa 7 na dakika 23 za usiku kinu kikapasuka. Mwaka huo wa 1986 lawama kubwa waliwekewa waendeshaji. Mwaka 1992 wataalamu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki walitazama tena, wakaeleza kuwa kinu chenyewe kilikuwa na aibu katika utengenezaji wake, hata fito zile za kukizima ziliweza katika hali fulani kukizidisha nguvu mwanzo wa kuteremka, na waendeshaji hawakuwa wameelezwa. Lawama kwa mlinzi huja mbio, na haki humfikia baada ya miaka sita.

Sasa naja kwenye usingizi wenyewe, maana hayo ya juu ni ya watu waliokuwa macho. Katika mto ule ule wa Susquehanna, chini yake kidogo, kuna mtambo mwengine uitwao Peach Bottom. Tarehe 31 Machi 1987 tume ya serikali inayosimamia mambo ya nyuklia iliamrisha ufungwe, kwa kuwa ilibainika kwamba waendeshaji, khasa wale wa zamu ya usiku, walikuwa wakilala zamuni au kughafilika na kazi, na kwamba hali hiyo iliendelea kwa miezi isiyopungua mitano. Na tume ilisema juu ya wasimamizi wao neno ambalo kadhi yeyote angelipenda kulisema: ama walijua, ama iliwapasa wajue. Mtambo ulikaa umefungwa mpaka mwaka 1989.

Nilipowasomea wenzangu darsani khabari hii, mmoja alisema kwa hasira: "Hao ni makhaini, hapana mjadala. Wameichezea amana." Mwengine akamjibu: "Mbona Bilali alilala, na Mtume hakumwita khaini?" Hapo ndipo tulipofika kwenye fundo la maneno, na kila mmoja katika hao wawili ana nusu ya haki.

Khabari ya Bilali imo katika Sahihi ya Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirejea kutoka Khaybar, wakasafiri usiku mpaka usingizi ukawashika, akashuka, akamwambia Bilali awachungie alfajiri. Bilali akasali kadiri alivyojaaliwa ili asilale. Alfajiri ilipokaribia akaegemea kipando chake akaelekea upande wa mapambazuko, macho yake yakamshinda. Hawakuamka ila kwa joto la jua, na wa mwanzo kuamka alikuwa ni Mtume mwenyewe. Alipomwita Bilali, Bilali alijibu kuwa kilichomshika yeye ndicho kilichowashika wao. Mtume hakumtukana wala hakumwondoa katika kazi yake. Aliamrisha msafara usogee, wakatawadha, Bilali huyo huyo akakimu, wakasali. Na katika riwaya ya Abu Qatada imekuja maana ya kuwa usingizini hamna taksiri; taksiri ni ya mtu aliye macho.

Tazameni yaliyomo humo. Bilali alikuwa msafiri kama wao, amechoka kama wao. Alipewa zamu moja, si miezi mitano. Alifanya hila ya halali ya kujizuia na usingizi. Alielekea mahala ambapo hatari ingetokea. Na alipoulizwa alisema kweli neno moja, hakutunga kisa. Hana taksiri katika uamacho wake hata moja. Watu wa Peach Bottom walipatana. Mmoja alilala na mwenzake akaona akanyamaza, na kesho yake ikawa zamu ya mwenzake kulala. Kunyamaza huko kulifanywa na watu walio macho. Basi yule ndugu aliyesema "makhaini" amepata, lakini hakupata pale alipopadhania. Khiana yao haikuwa katika kufumba macho, ilikuwa katika kufumba mdomo. Na wasimamizi wao walifumba vyote viwili mchana kweupe, na mwili wao haukuwa na uchovu wa kuwatolea udhuru.

Mwenyezi Mungu amejisifu katika Aya ya Kursi kuwa hashikwi na kusinzia wala kulala. Sifa hiyo ni yake peke yake. Mtu anayemwajiri mja mwenzake akamtaka asisinzie kabisa, usiku baada ya usiku, amemtaka kiumbe awe na sifa ya Muumba wake. Sisemi kuwa hiyo ni shirki, lakini nasema ni ujeuri, na ni ujinga wa ubinadamu aliouumba Mwenyezi Mungu akaujaalia usingizi uwe ni raha yake. Kinachowezekana kutakiwa kwa mlinzi ni kitu kingine: aseme kweli juu ya udhaifu wake kabla haujamshinda. Na haiwezekani kumtaka hilo mtu ambaye akisema "nimechoka" atafukuzwa.

Sheria yetu haikuyaacha haya. Kadhi amekatazwa kuhukumu naye ana ghadhabu, na maulamaa, wa madhehebu yetu ya Shafi na wengineo, wakapima juu yake njaa kali, na shibe ya kupita kiasi, na usingizi, na hamu, na kila kinachoutoa moyo mahala pake. Hawakumwambia kadhi avumilie. Walimwambia asikae kitini. Katika Sala ya khofu, iliyotajwa katika Suratun-Nisaa, kundi moja husali na jingine hushika silaha likalinda, kisha hubadilishana. Yaani hata Sala haikufanywa sababu ya kuacha zamu, wala zamu haikufanywa ya watu wale wale tu. Na wamarekani wenyewe, baada ya mateso waliyoyaeleza, tangu mwaka 2009 wameweka amri kuwa mwendesha mtambo asifanye kazi zaidi ya saa 16 katika saa 24, wala saa 26 katika saa 48, wala saa 72 katika siku 7, na baina ya zamu na zamu apumzike si chini ya saa 10. Na mfanya kazi ana haki ya kutamka kuwa amechoka hafai. Sioni aibu kusema kuwa hapo wametutangulia kuifanyia kazi maana iliyomo katika vitabu vyetu.

Kuna khabari nyengine ningependa iandikwe juu ya mlango wa kila chumba cha kuongozea mtambo. Mtume (s.a.w.) aliwasalisha watu Adhuhuri au Alasiri akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Nyuma yake alikuwamo Abubakar, alikuwamo Umar, na wote wawili walimwogopa kumsemesha kwa haiba yake. Akasimama mtu waliyemwita Dhul-Yadayn akauliza: Sala imepunguzwa au umesahau? Mtume akawauliza watu, wakamsadikisha, akatimiza iliyobaki na akasujudu sijida mbili. Wakubwa walinyamaza kwa heshima, na asiyekuwa mkubwa akaiokoa Sala. Sijida ya kusahau basi ni ushahidi kuwa dini imekwisha kukadiria kuwa mtu atasahau, ikaweka tiba kabla ya maradhi. Mitambo ya leo hufuata njia hiyo hiyo bila ya kujua: anayeamrishwa hurudia amri kwa sauti, aliyeamrisha huthibitisha, na mdogo hufundishwa kuuliza. Wala tusidhani haya ni ya watu wa mbali. Pakistan wana mtambo Karachi tangu mwaka 1972, na katika Abu Dhabi mtambo wa Barakah, wa kwanza katika nchi za Waarabu, ulitimiza vinu vyake vinne mwaka 2024. Wako Waislamu leo usiku wanaoshika zamu hiyo, na Ramadhani itawakuta humo. Rai yangu mimi ni kuwa mtu mwenye zamu ya alfajiri hana ruhusa ya kukesha katika Sala za sunna hata akaingia chumbani macho mekundu, kwani ameifanyia ihsani nafsi yake kwa mali ya watu.

Na kwetu je? Basi la usiku likipinduka katika njia ya Nairobi, na dereva alikuwa hajalala siku mbili, sisi husimama juu ya maiti tukasema "ajali haina kinga", na wengine husema kuwa mahala pale pana jini. Mwenye basi hukaa matangani pamoja nasi akanywa kahawa, hapana anayemwuliza dereva alianza kazi lini. Tumeitumia kudra ya Mwenyezi Mungu kuwa ni pazia la kufunikia daftari la zamu. Aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee ni Mtume wetu, nasi twamwacha ngamia, twategemea, na akipotea twamlaumu mchungaji.

Narudi kwa mlinzi wetu. Niliomba kikao kiahirishwe nikaenda kuzungumza naye. Alinikuta nimekaa kizingitini, akanisalimu, "Shikamoo, mzee," akabaki amesimama mpaka nilipomwambia akae. Nilimwuliza amelinda tangu lini. Akasema tangu Shaabani ya mwaka juzi, kila usiku, hata usiku wa Idi, hana wa kupokezana naye. Mchana husukuma mkokoteni sokoni, kwa sababu tunachompa hakitoshi kodi ya chumba. Taa ya uani iliungua mwezi wa Rajabu. Alituambia, tukamwambia fundi ameamriwa. Nikamwuliza kwa nini hakutwambia kuwa amechoka. Akatazama chini, kisha akasema: "Ningalisema, mngalitafuta mwengine."

Imamu wetu ana naibu. Wenye kuadhini wako wawili. Khatibu akisafiri ana wa kumshikia. Mlinzi peke yake ndiye tuliyemfanya hana usingizi. Mimi nitasema kikaoni kuwa mshahara wake alipwe wote, na mlinzi wa pili aajiriwe, na thamani ya pampu tuitoe sisi wanakamati mifukoni mwetu, sio katika mali ya waqfu. Najua wako watakaonipinga, na mmoja wao amekwisha kuniambia kuwa nikifungua mlango huo kila mlinzi wa mji huu atasema yeye ni Bilali. Nilimjibu kuwa akithubutu kusema hivyo tutamwuliza kama alisali kadiri alivyojaaliwa na akaelekea mapambazuko. Lakini kwanza tutaulizwa sisi kama tulisafiri naye. Hakunijibu. Kikao ni Alkhamisi baada ya Maghribi, na mpaka leo watu wanatawadha kwa maji ya ndoo.